Fisi wa Singe

Singe, Babati
4 Machi 2004

Mjukuu wangu mpendwa Wilhelmina,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Mimi ni mzima wa afya njema, wasiwasi ni juu yako wewe uliye mbali.

Hayo ya juu ni ya Mikidadi, fundi cherehani wa Maisaka, mimi sijayasema. Mimi nimefika hapa goti linauma, nimekaa kwenye benchi lake, nikamwambia, "Andika: Wilhelmina, umemwambia nini Aniceti?" Akasema, "Bibi, barua haianzi hivyo. Inaanza salamu, halafu uzima." Nikamwambia mimi si mzima. Akasema hata mgonjwa anaandika mzima, ugonjwa unakuja baadaye, baada ya "ila". Haya. Mimi ni mzima ila goti, ila meno, ila Aniceti.

Unamkumbuka Aniceti? Mtoto wa marehemu shemeji yangu mkubwa, anakaa Sigino, ana pikipiki nyekundu inayokohoa. Jumapili baada ya misa kaja kwangu na sukari kilo mbili. Aniceti! Tangu tumzike babu yako hajaniletea hata chumvi ya kulamba mbuzi. Kakaa, kanywa chai, kaniangalia weee, halafu akasema, "Mama mdogo, kumbe siku hizi wewe ni mtu mkubwa. Umeandikwa kitabuni."

Nikamuuliza kitabu gani. Akacheka. "Muulize Wilhelmina, anajua."

Halafu akatoka, akaenda shambani kwangu, akalipima kwa hatua kutoka mnyaa mmoja wa mpakani hadi mwingine, mikono nyuma kama bwana shamba. Nilimchungulia dirishani. Ile sukari sijaifungua. Nimeiweka juu ya kabati, inaniangalia, naiangalia.

Sasa sikiliza. Tangu tupewe mkoa wetu wenyewe, hapa hakuna mtu ametulia. Wapimaji wanapita na kamba na mawe ya saruji, na watu waliokuwa wanalima mahindi sasa wanalima viwanja. Aniceti amepeleka maneno baraza la kata kwamba shamba langu ni la ukoo, si langu. Shamba hilihili la mbaazi ninalolima tangu baba yako ananyonya! Nimeitwa tarehe mosi Aprili. Nikishindwa ninatoka, na babu yako anabaki pale chini peke yake akisubiri nyumba ya mtu mwingine ijengwe juu yake. Na mimi nitazikwa wapi, uani kwa Mikidadi?

Kwa hiyo niambie. Desemba ulikuja na ile redio yako ya kurekodi. Mimi nachambua maharage, mchana kweupe. Ukasema, "Bibi, nipe habari za shamba." Nikakupa. Sikusema uweke kitabuni. Au nilisema? Hapana, sikusema.

Nitumie hicho kitabu. Mikidadi nimemwambia anisomee yote aliyoandika, kasoma mara mbili, ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Hata yeye simwelewi.

Ni mimi Bibi yako.


Dar es Salaam
19 Machi 2004

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti linaendelea vizuri na mvua zimeanza. Mimi sijambo, masomo tu ndiyo yanabana.

Bibi, usikasirike, hicho kitabu ni jambo la heri! Mwaka huu wa masomo darasa letu lilitumwa kukusanya hadithi za jadi, kila mtu alete moja kutoka kwao. Chuo kimezichapa kwenye kijitabu, na nakala nyingine zimeuzwa mpaka Arusha. Yako ni ya saba, inaitwa "Fisi na Mjane". Mwalimu aliipenda kuliko zote. Jina lako lipo chini kabisa: Msimuliaji, Bibi Jovita, Singe, Babati. Nimekuwekea nakala humu.

Utaona nimeipanga kidogo, kwa sababu ulivyonipa haikuwa na mwanzo wala mwisho. Ulianzia katikati, ukaingia kwenye ng'ombe asiye na mkia, ukarudi. Halafu ulikuwa unasema "Yule wa Kuchechemea" bila kumtaja ni nani. Mwalimu akaniuliza, kwenye hadithi anayechechemea ni nani? Darasa zima likajibu fisi. Basi nikaandika fisi moja kwa moja, msomaji asipotee. Na fisi hawezi kuwa mwema mpaka mwisho, hakuna hadithi ya namna hiyo, kwa hiyo nikaongeza kipande cha mwisho na funzo.

Aniceti sijui anacheka nini. Usiwe na hofu, Bibi. Hii ni hadithi tu. Mambo ya baraza ni mengine kabisa.

Mjukuu wako,
Wilhelmina


Singe, Babati
8 Aprili 2004

Mjukuu wangu Wilhelmina,

Salamu. Mzima. Ila.

Leo ni Alhamisi Kuu na nina hasira, Mungu anisamehe, nitaungama baada ya Pasaka, sasa hivi bado naihitaji.

Mikidadi alinisomea kijitabu chako hapa kwenye benchi. Alipofika kwa fisi akacheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Nikamchapa na futi yake ya kupimia. Nikamwambia rudia, akarudia, mpaka nimekishika kichwani kama sala: "Hapo zamani za kale palikuwa na mjane na fisi. Fisi akaja akichechemea, akachomeka matawi kuzunguka shamba, akampa mjane. Mvua zilipokwisha fisi akarudi, akasema: Nilikupa maneno, sikukupa ardhi. Akalichukua shamba lake. Funzo: Usiamini zawadi ya fisi." Na chini, jina langu. Mimi ndiye niliyesema fisi kachukua shamba lake!

Wilhelmina, yule hakuwa fisi. Yule ni baba mkwe wangu. Ni baba wa babu yako.

Sisi wanawake wa Kibarbaig hatutaji jina la baba mkwe. Siku naolewa mama aliniambia, jina hilo lisikutoke mdomoni mpaka unaingia kaburini, na hata neno la kawaida likifanana nalo ulizunguke, utafute lingine. Mwaka wa hamsini huu sijalitaja. Mzee huyo nyati alimvunja nyonga akiwa kijana, kule chini ya Hanang, basi wake wote wa boma lile tulimwita Yule wa Kuchechemea, na yeye mwenyewe akaitika. Ilikuwa heshima! Mama yako ni mtu wa Moshi, kakulea huko mjini, hangejua hayo. Baba yako Valence angejua, lakini alitutoka hujafika umri wa kuuliza. Sawa. Ila mdomo unao, si ungeniuliza mimi?

Na hadithi unafikiri mimi siijui? Hadithi nilikuwa nakupa jioni, umeshashiba, umelala kwenye paja langu, na nilikuwa naanza kwa kupiga makofi. Desemba nilipiga makofi? Nilikuwa na maharage mkononi! Ni nani kwetu anasimulia hadithi mchana? Anayesimulia mchana anaambiwa ng'ombe zake zitapotea.

Haya, nakuambia tena, na safari hii usipange. Babu yako alipokufa, ndugu zake walitaka nirudishwe kwetu Hanang mikono mitupu, baba yako nimembeba mgongoni. Yule wa Kuchechemea akaja na mzigo wa matawi ya mnyaa. Akayachomeka moja moja kuzunguka shamba, anachechemea, anachomeka, kutwa nzima, hataki msaada. Mzee Yoakimu wa hapa Singe alikuwepo, siku hizo bado kijana wa kuchunga, akaambiwa kaa hapa uone. Alipomaliza akasema, "Hapa ni pa mama Valence na watoto wake. Atakayemtoa yeye amenitoa mimi." Hakurudi kuchukua kitu. Alikuwa anakuja kula mbaazi, basi. Minyaa ile ndiyo hii Aniceti anayopimia hatua. Fisi gani huyo anaita shahidi?

Sasa baraza. Tarehe mosi nilikwenda, nimevaa ile khanga uliyoniletea. Mwenyekiti ni mgeni, mtu wa Bukoba, amekuja huku na mambo ya mkoa, mpole, ana miwani ya kamba. Nikasema yote kama nilivyokuambia wewe. Nimemaliza, Aniceti anasimama, anatoa kijitabu mfukoni, anasoma. Neno kwa neno lilelile! Mjane, matawi, kuchechemea. Watu wakaanza kuminyana. Akasema, "Waheshimiwa, mama mdogo anatusimulia hadithi. Imechapwa chuoni na jina lake lipo. Na hata hiyo hadithi yake inasema shamba lilirudi."

Mwenyekiti akaniuliza, "Mama, huyu wa kuchechemea ni nani?"

Nikasema, "Baba mkwe wangu."

Aniceti akasema, "Baba wakwe zake ni watano, wote ndugu. Yupi?"

Mwenyekiti akasema, "Mtaje jina, mama."

Nikatazama viatu vyangu. Mwanamke mmoja akataka kunisaidia kulitaja, akaambiwa kaa, shahidi anajibu mwenyewe. Mwenyekiti akavua miwani, akasema bila ubaya, "Mama, ushahidi una majina. Maneno yasiyo na jina la mtu ni hadithi, na hadithi yako ndiyo hii ameishika." Yoakimu alikuja, amekaa na fimbo yake, wakasema atasikilizwa mimi nikishamtaja huyo mtu. Tumepewa mpaka tarehe sita Mei.

Sasa mimi najiuliza. Natalia, mke wa katekista, kaniambia mkwe wake alipanda basi moja na Aniceti mwezi wa kwanza, kwenda Dar es Salaam, na Aniceti alikuwa na galoni la asali miguuni, akasema ya Wilhelmina. Wewe barua nzima hukuitaja hiyo asali. Umesema "Aniceti sijui anacheka nini". Uliila? Uliila halafu ukaandika mwisho ule? Au mwisho uliandika kwanza, asali ikaja baadaye? Niambie ipi ilitangulia. Mimi nimezeeka lakini mpangilio wa mambo bado naujua.

Mikidadi anasema nimalize kwa neno la upendo, barua inataka. Aliandike yeye.

Akupendaye daima,
Bibi yako


Dar es Salaam
22 Aprili 2004

Bibi,

Shikamoo. Sikuulizi kama u mzima, najua sasa neno hilo linaandikwa na nani.

Asali niliila. Aniceti alifika chuoni Januari, akaniita mwanangu, akaninunulia soda, akaniuliza masomo, nikamtajia kijitabu, akakiomba awasomee watoto wake. Kilikuwa kimetoka wiki ileile. Mwisho niliuandika kabla, Bibi, Desemba, peke yangu, na hakunipa mtu neno hata moja. Sikukutajia kwa sababu ulinihoji kama mwizi, nikaona nikitaja asali utaniona mwizi kweli. Nimefanya vibaya.

Kaseti ya sauti yako haipo. Baada ya mtihani niliiazimisha kwaya, wamerekodi nyimbo za Pasaka juu yako. Nimeisikiliza yote mpaka mwisho, nikitumaini umebaki hata kidogo. Baada ya wimbo wa mwisho unasikika unasema "shika hili sinia", basi.

Nimekuwekea karatasi ya pili, si ya kwako, ni ya baraza. Nimeandika kwamba maneno ya fisi kurudi kuchukua shamba ni yangu mimi, hukuyasema, na kwamba neno fisi hukulitamka hata mara moja. Mwalimu amesaini pia. Alisoma barua yako, akasema angeniuliza swali lingine kama angejua.

Lakini najua Aniceti atasema mjukuu lazima amtetee bibi yake, na jina bado halijatajwa. Nilitaka kukuomba ulitaje mara moja tu. Nimeandika ombi hilo, nikalifuta. Halafu jana, nafunga barua hii, nikaona kitu. Baba aliponipeleka shule aliniandikisha majina matatu: langu, lake, na la babu yake. La tatu ni lake huyo, si ndiyo? Mimi nimelibeba miaka yote hii bila kujua ni la nani. Humu ndani silitaji, maana Mikidadi anakusomea kwa sauti. Ila nyuma ya bahasha, mahali pa mtumaji, huwa naandika yote matatu. Kila barua niliyokutumia ilikuja nalo, Bibi.

Mwambie Mikidadi asiisome bahasha.

Mjukuu wako,
Wilhelmina


Singe, Babati
10 Mei 2004

Wilhelmina,

Safari hii nimemshika Mikidadi mkono, hakuna salamu. Amenuna lakini anaandika.

Kwanza nikuambie nilivyoshtuka. Barua yako aliponisomea, mpaka pale pa bahasha, nilimnyang'anya, nikaifunga kwenye pindo la khanga. Halafu nikakumbuka. Bahasha zako zote za miaka yote, mimi nawashia moto! Jiko langu limekula jina la baba mkwe wangu sijui mara ngapi, na juu yake nimepika ugali. Nilikaa chini kabisa. Nilimwomba msamaha kwa sauti, pale kwenye minyaa. Jirani akauliza naongea na nani, nikasema na kuku.

Tarehe sita nikaenda. Nimebeba vitu viwili, bahasha kwenye pindo na ile sukari kwenye kikapu. Mwenyekiti akaniuliza, "Mama, leo utamtaja?"

Nikasema, "Mheshimiwa, mimi ni mke wa mtu, mdomo wangu hauruhusiwi. Lakini mjukuu wangu si mke wa boma lile, yeye amelibeba. Liko hapa nyuma ya bahasha, la tatu. Karani asome, mimi nitakuwa nimelionyesha kwa kidole. Kidole changu hakijaolewa."

Watu wakacheka, hata mwenyekiti. Akawaangalia wenzake, mzee mmoja wa Kigorowa, mwenyeji wa hapa, akamnong'oneza jambo refu sikioni, mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, akasema, "Onyesha."

Nikaonyesha. Karani akasoma jina lako, la baba yako, halafu la tatu.

Mjukuu wangu, nilijifunika khanga kichwani. Mwaka wa hamsini sijasikia mtu amelitaja mbele yangu waziwazi hivyo, na wala hakupiga kelele, alilisoma tu kama mtu anasoma orodha ya dawa. Ndani ya khanga nilimwona, anachomeka tawi, anavuta mguu. Wanawake wa kwetu waliokuwepo nao walijifunika, wakainamisha vichwa. Mwenyekiti wa Bukoba akatutazama sote tulivyojifunika, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kuliko alivyoelewa maneno.

Akamgeukia Aniceti. "Na wewe jina lako la tatu ni lipi?" Aniceti anatazama dari. Karani akafungua jalada, karatasi aliyoileta Aniceti mwenyewe kudai shamba. Lilelile!

"Babu yako alikuwa anachechemea?"

"Alichechemea kidogo."

"Kidogo!" Yoakimu huyo, kutoka nyuma. "Nilihesabu mashimo ya fimbo yake mashamba mawili!"

Mama mmoja akasema, "Kumbe tumekaa na mjukuu wa fisi!" Hapo baraza likavunjika mbavu, na Aniceti, kwa hasira, akainuka, akapiga kelele, "Lakini fisi alilichukua shamba lake!"

Mwenyekiti akangoja kicheko kiishe. "Nani alilichukua? Fisi au babu yako? Siku gani? Mbele ya nani?"

Aniceti akainua kijitabu. Hakuwa na kingine. Karani akasoma karatasi yako, na saini ya mwalimu. Alipofika pale unaposema "mwisho ni wangu mimi" sauti ya karani ilikuwa ya kiume na nzito lakini mimi nilikusikia wewe. Halafu wakamwita Yoakimu. Haoni vizuri, lakini alihesabu minyaa yote kwa vidole bila kwenda shambani, na ule mmoja uliokauka mwaka wa njaa, na akasema maneno yalivyosemwa. Mimi nikaambiwa shamba ni langu mimi na watoto wangu, na imeandikwa. Aniceti anasema atakwenda mbele, wilayani. Aende. Wakati anatoka nilimrudishia sukari yake haijafunguliwa. Nikamwambia, "Wasomee watoto, wanywe na chai."

Sasa wewe.

Ile asali bado inanikwaruza. Nakuamini, lakini nakuamini ninavyolitumia goti hili, nalikanyagia polepole kwanza. Kile kijitabu najua hakifutiki, kimeshafika Arusha. Watoto wa watu watakisoma, watasema huko Babati palikuwa na fisi mlaghai, na yeye hajamdhulumu mtu hata mbegu. Hilo linaniuma kuliko Aniceti. Aniceti alitaka ardhi, ardhi nimebaki nayo. Wewe ulimchukua mtu, ukaniachia mnyama.

Kwa hiyo njoo Juni, maharage yatakuwa tayari. Njoo na kaseti mpya, na hao wa kwaya uwafungie mlango. Nitakaa palepale, mchana, nitaanzia katikati, nitapita kwa ng'ombe asiye na mkia, usinikate. Juu ya karatasi usiweke hapo zamani za kale wala funzo. Tukifika kwenye jina, mimi nitanyamaza, wewe utalisema.

Mikidadi anasema barua isiyo na salamu ni aibu kwa kalamu yake. Haya, aziweke hapa chini, na mimi nazisema kweli:

Hujambo, mjukuu wangu? Unakula? Mimi goti linauma.

Ni mimi Bibi yako, na hili doa jeusi ni dole gumba langu.